Ganzi na maumivu katika matibabu ya mzizi wa jino: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyeambiwa kwamba jino lake linahitaji matibabu ya mzizi, na tangu hapo hana raha. Anayejibu ni daktari wa meno, na jambo moja litajirudia humu: maumivu kwenye kiti si sehemu ya matibabu. Yakitokea yasemwe, maana yana dawa.

Je, ni kweli matibabu ya mzizi yanauma kuliko kung'oa jino?

Hapana. Mara nyingi maumivu ambayo watu huyasimulia ni ya siku zilizotangulia matibabu: usiku wa kukesha, maji ya baridi yanayokata hadi sikioni, jino linalopwita kila ukilaza kichwa. Wakati huo kiini cha jino, yaani nyama laini ya ndani yenye mishipa ya damu na neva, huwa kimevimba ndani ya chumba chenye kuta ngumu zisizotanuka. Presha inapanda na neva inaminywa. Matibabu yanakiondoa kiini hicho na kusafisha mifereji ya mizizi, kisha jino linazibwa. Kinachouma ndicho kinachoondolewa.

Sifa mbaya ya matibabu haya ina historia yake. Lidokaini, dawa ya ganzi inayotumika zaidi hadi leo, ilitengenezwa Uswidi na Nils Löfgren mwaka 1943 na ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Kabla yake ilitumika zaidi prokaini, ambayo ilichelewa kushika, iliwahi kuisha, na iliwaletea baadhi ya watu mzio. Waliotibiwa enzi hizo waliumia kweli, na simulizi zao zikarithiwa na watoto na wajukuu.

Sindano yenyewe je?

Utahisi kitu, ila kiasi chake kinategemea sana mkono wa daktari. Ufizi ukikaushwa vizuri kwanza, ukapakwa jeli ya ganzi na jeli ikaachwa dakika moja au mbili, mchomo wa ncha huwa mdogo. Jeli inatia ganzi juu juu tu, haifiki ndani. Maumivu mengi ya sindano huletwa na dawa inayosukumwa kwa haraka na kuitanua nyama kabla haijafa ganzi. Mwendo unaofaa ni kama mililita 1 kwa dakika, kwa hiyo kichupa cha mililita 1.8 kinapaswa kuchukua karibu dakika mbili. Ni dakika mbili ndefu ukiwa umefumba macho, lakini ndizo zinazokupa raha. Una haki kabisa ya kusema, "Daktari, naomba uchome polepole."

Kaakaa ndipo panapouma zaidi kwa sababu nyama yake imebana kwenye mfupa na haina nafasi ya kupokea dawa. Tena dawa iliyochanganywa na adrenalini ina asidi kidogo, hivyo inaweza kuchoma kwa sekunde chache za mwanzo.

Ganzi inafanyaje kazi?

Neva hupeleka habari ya maumivu kwa kuruhusu sodiamu iingie ndani yake kupitia milango midogo sana. Dawa ya ganzi inaziba milango hiyo kutoka ndani. Habari inaishia njiani, ubongo haupati kitu. Adrenalini inayoongezwa haina kazi ya kutia ganzi. Yenyewe inabana mishipa midogo ya damu ya eneo hilo ili dawa isibebwe haraka na damu, na hivyo ganzi idumu.

Mbona nilichomwa sindano, mdomo ukafa ganzi kabisa, na bado jino likauma?

Hili ndilo swali linalonigusa kuliko yote, kwa sababu wengi walioulizia waliambiwa ni woga wao tu. Si woga. Mara nyingi lilikuwa gego la chini lenye kiini kilichovimba, na hilo ndilo jino gumu kuliko yote kulitia ganzi.

Mfupa wa taya la juu ni mwembamba na una vitundu vingi. Dawa ikiwekwa kando ya jino inapenya hadi kwenye mizizi. Taya la chini, hasa nyuma, lina mfupa mnene ambao dawa haiupenyi kirahisi. Kwa hiyo daktari huifuata neva kabla haijaingia ndani ya mfupa, kule nyuma ya mdomo, upande wa ndani wa taya. Neva hiyo haionekani kwa macho. Anaitafuta kwa alama za mdomoni, na miili haifanani. Kuna watu ambao jino lao linapata pia vijitawi vya neva nyingine vinavyopita njia tofauti, hivyo njia kuu ikifungwa, ya pembeni inabaki wazi.

Halafu kuna uvimbe wenyewe. Ili lidokaini iingie ndani ya neva ni lazima molekuli zake ziwe hazina chaji ya umeme. Katika hali ya kawaida ya mwili, pH 7.4 (pH ni kipimo cha asidi), ni karibu robo tu ya molekuli zilizo hivyo. Nyama iliyovimba ina asidi zaidi, na robo hiyo inapungua. Ila maelezo haya hayatoshi kwa taya la chini, maana huko sindano huchomwa mbali na jino bovu. Kinachotokea ni kwamba neva yenyewe imebadilika kutokana na kuteswa siku nyingi. Inashtuka kwa jambo dogo, na inaongeza aina ya milango ya sodiamu ambayo dawa inaiziba kwa shida. Ongeza mtu ambaye hajalala siku tatu na amekuja na hofu, na uvumilivu wake uko chini kabisa.

Kwa hiyo mdomo uliokufa ganzi unaonyesha kwamba dawa imefika kwenye neva kubwa. Haumaanishi kwamba kiini cha jino kimelala. Daktari anayekuambia "mdomo umeshakufa, huwezi kuwa unasikia maumivu" amekosea, na wewe uko sahihi.

Basi nitajuaje kwamba ganzi imeshika kabla mashine haijawashwa?

Kwa kupima. Daktari anapulizia dawa ya baridi kali kwenye pamba na kuigusisha jino. Kama jino lilikuwa linaruka kwa baridi na sasa halihisi chochote, dalili ni njema. Kama bado unahisi baridi, hata kidogo, sema. Wapo pia wanaotumia kifaa kidogo cha umeme kwa kazi hiyo hiyo. Kipimo cha baridi hakichukui hata dakika moja, na kwangu mimi gego la chini linalouma halifunguliwi bila hicho.

Muda nao una kazi yake. Ganzi ya taya la chini inaweza kuhitaji dakika 10 hadi 15 kufika kwenye kiini. Ukiachwa umekaa kitini ukitazama dari, usidhani umesahauliwa.

Nikiumia katikati ya kazi nifanye nini?

Inua mkono wa kushoto, au ule mliokubaliana. Mkubaliane kabla, maana mdomo ukiwa wazi na vifaa vimo ndani huwezi kuongea. Mkono ukiinuliwa, kazi inasimama. Hakuna hatua ya matibabu ya mzizi isiyoweza kusubiri dakika chache.

Na usivumilie kwa heshima. Wagonjwa wengi, hasa watu wazima, wanaona aibu kumsumbua daktari, wanakaza mikono kwenye kiti na kunyamaza. Daktari hana njia nyingine ya kuingia ndani ya jino lako na kujua linahisi nini. Anategemea kauli yako. Tena maumivu yaliyovumiliwa yanaamsha neva zaidi, na dakika kumi baadaye inakuwa kazi ngumu kuituliza.

Kuna kutofautisha kidogo. Ganzi inaondoa maumivu, haiondoi hisia zote. Utahisi kusukumwa, mtikisiko, maji, vidole shavuni. Hayo ni ya kawaida. Kitu chenye ncha, kinachokata au kupiga kama umeme, si cha kawaida. Ukishindwa kutofautisha, inua mkono tu. Ni kazi ya daktari kupambanua.

Ganzi ikikataa, daktari ana njia gani nyingine?

Anazo kadhaa, na ndiyo maana hakuna sababu ya kushikwa kwa nguvu na kuambiwa "vumilia kidogo". Anaweza kurudia sindano ya kwanza, akichoma juu kidogo au nyuma kidogo. Anaweza kuongeza dawa nyingine ya ganzi, atikaini ya asilimia 4, kando ya gego upande wa shavu, njia inayosaidia sana taya la chini. Anaweza kuingiza dawa kwa presha katikati ya jino na mfupa, kwenye utando unaolishikilia jino. Kiasi ni kidogo mno na hufanya kazi mara moja, ingawa ufizi unaweza kuuma siku moja au mbili baadaye. Anaweza pia kutoboa kitundu kidogo kwenye mfupa na kuweka dawa karibu kabisa na mizizi. Hiyo ni njia yenye nguvu, na moyo unaweza kwenda mbio kwa muda mfupi.

Ya mwisho ni kuchoma dawa moja kwa moja ndani ya kiini kilichokwisha kufunguliwa. Sitaki kukuficha: inauma, kwa sekunde moja au mbili, kisha kimya. Daktari mwema anakuambia kabla, hakushtukizi.

Na yote yakishindikana, si lazima kazi iishe siku hiyo. Inawezekana kutuliza jino kwa dawa, kulifunga kwa muda, na kurudi baada ya siku chache uvimbe ukiwa umepungua.

Jino langu limeshakufa. Ganzi ya nini?

Pengine dawa kidogo itatosha. Lakini mzizi mmoja unaweza kuwa umekufa na wa pili bado uko hai, na nyama ya nje ya mzizi haifi pamoja na kiini. Isitoshe kibanio cha ule mpira unaotandazwa juu ya jino wakati wa kazi hushika karibu na ufizi, na hicho kinauma bila ganzi.

Nimevimba shavu. Je, nitachomwa palepale penye usaha?

La. Sindano huwekwa mbali na uvimbe, kwenye neva inayohudumia eneo hilo, ili dawa ifanye kazi na maambukizi yasisambazwe. Ikiwa usaha unaweza kutolewa siku hiyo, ama kupitia jino ama kwa kupasua kidogo, nafuu huja haraka kuliko dawa yoyote ya kumeza.

Nianze antibayotiki ili ganzi ishike vizuri?

Antibayotiki haitulizi maumivu ya kiini kilichovimba na haisaidii ganzi kushika. Mwongozo wa chama cha madaktari wa meno cha Marekani wa mwaka 2019 unashauri zisitolewe kwa tatizo hilo kwa watu wazima wenye kinga ya kawaida, mradi matibabu ya jino yenyewe yanapatikana. Zinahitajika maambukizi yanapoanza kuenea: homa, uvimbe unaosambaa, tezi kuvimba, mwili kuchoka.

Kinachoweza kusaidia ni ibuprofeni. Mtu mzima akimeza miligramu 400 karibu saa moja kabla ya miadi, uvimbe unatulia kiasi na ganzi ya gego la chini hupata nafasi nzuri zaidi ya kushika. Usiinywe kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una mimba, bila kuzungumza na daktari. Na usiongeze juu ya dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo uliyomeza asubuhi.

Nile kabla ya kuja?

Kula, isipokuwa umepewa maagizo ya kufunga kwa ajili ya dawa ya usingizi. Wengi wanaozimia kitini hawadhuriki na dawa. Ni njaa na hofu vikikutana. Mwenye kisukari asiruke mlo wala dawa zake.

Baada ya sindano moyo ulienda mbio na mikono ikatetemeka. Je, nina mzio?

Kwa uwezekano mkubwa hiyo ni adrenalini iliyoingia kwenye damu kwa kasi kidogo. Hupita ndani ya dakika chache. Mzio wa kweli kwa lidokaini na ndugu zake ni nadra sana. Ukiwepo, dalili zake ni vipele vinavyowasha, kuvimba midomo au macho, kubanwa na pumzi. Baadhi ya watu hawapatani na salfaiti, kihifadhi kinachowekwa kwenye dawa zenye adrenalini, na kwao ipo ganzi nyingine, mepivakaini ya asilimia 3 isiyo na adrenalini. Hiyo hudumu muda mfupi zaidi kwenye jino, dakika 20 hadi 40.

Mwambie daktari kilichotokea safari ile, kwa maelezo ya dalili na wala si kwa jina la ugonjwa. "Nilitetemeka dakika tatu" kunamsaidia kuliko "nina mzio wa ganzi", maneno ambayo yanaweza kukunyima dawa nzuri maisha yako yote.

Nina shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Ganzi ni salama?

Kwa wengi ndiyo, kwa kipimo. Kichupa cha mililita 1.8 chenye adrenalini 1:100,000 (gramu moja kwa mililita 100,000) kina miligramu 0.018 ya adrenalini. Kwa mgonjwa wa moyo madaktari kwa kawaida hujiwekea ukomo wa miligramu 0.04 kwa kikao, yaani vichupa viwili hivi, na huvuta sindano nyuma kwanza kuhakikisha haipo ndani ya mshipa wa damu. Kumkatalia mgonjwa wa moyo ganzi nzuri si kumlinda: mwili unaoumia hutoa adrenalini yake wenyewe, na hiyo haina kipimo.

Shinikizo likiwa limepita 180/110, matibabu yasiyo ya dharura husogezwa mbele. Aliyepata shambulio la moyo au kiharusi karibuni aseme tangu anapoweka miadi. Taja pia dawa unazotumia, hasa propranololi na dawa za zamani za sonona, kwa sababu zinaathiri namna mwili unavyoipokea adrenalini. Dawa za kienyeji na za kulevya nazo zitajwe. Hakuna atakayekuhukumu, anayetaka kujua anataka usidhurike.

Nina mimba. Nisubiri nijifungue?

Usisubiri na maumivu. Lidokaini inatumika kwa wajawazito bila wasiwasi, na eksirei ya jino moja inaweza kupigwa kwa kinga ya kawaida. Miezi mitatu ya katikati ndiyo yenye nafuu ya kukaa kitini. Baadaye tumbo likiwa kubwa, egemea kidogo upande wa kushoto ili mshipa mkubwa wa damu usibanwe. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Ibuprofeni huepukwa, hasa kuanzia wiki ya 20. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha baada ya lidokaini.

Ninaogopa mno. Siwezi kulazwa nusukaputi nikaamka yameisha?

Inawezekana, lakini ni nadra kuhitajika, na nusukaputi inataka daktari wa usingizi na vifaa kamili. Kabla ya kufika huko kuna gesi ya kucheka, naitrasi oksaidi, inayovutwa kwa pua: unakuwa macho, umelegea, na dakika chache baada ya kuacha kuivuta na kupewa oksijeni akili imerudi. Kuna pia vidonge au sindano ya kutuliza ya jamii ya diazepamu na midazolamu. Ukipewa hizo, uje na mtu wa kukurudisha nyumbani; usiendeshe gari wala kusaini mkataba siku hiyo. Zote hizi hupunguza hofu. Sindano ya ganzi bado inahitajika.

Naamini kuna kitu kinachotangulia gesi na vidonge: mazungumzo. Mwambie daktari hasa unaogopa nini. Wapo wanaoogopa sindano, wapo wanaoogopa sauti ya mashine, wapo walioumizwa utotoni na mtu aliyekataa kuwasikiliza. Kila mmoja ana msaada wake. Omba miadi ya asubuhi ili usishinde kutwa ukingoja. Omba uelezwe kila hatua, au omba usielezwe kabisa. Njoo na spika za masikioni.

Ule mpira unaowekwa mdomoni hautanikaba?

Hapana, unapumua kwa pua kama kawaida. Unazuia vifaa vidogo visiingie kooni, unazuia mate yasiingie kwenye jino, na unakukinga na dawa ya kusafishia mifereji, sodiamu haipokloraiti, yenye harufu ya klorini. Ukisikia ladha yake mdomoni au kuungua, inua mkono mara moja. Mwenye mafua aliyeziba pua aahirishe. Taya likichoka, omba kipande cha mpira cha kung'atia upande wa pili. Kinashangaza jinsi kinavyopumzisha misuli.

Ganzi huisha baada ya muda gani?

Lidokaini yenye adrenalini hulaza jino kwa takriban saa moja, ndiyo maana kazi ndefu huhitaji kuongezewa. Mdomo na ulimi hubaki na ganzi saa 3 hadi 5. Usile mpaka iishe, utajing'ata bila kujua. Watoto waangaliwe zaidi, maana hutafuna mdomo kwa mchezo na kuamka na kidonda.

Na ikiisha?

Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijakatika, usingoje uumie. Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 500 hadi 1000 hufanya kazi vizuri pamoja, kila baada ya saa 6. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24. Jino kuuma ukiling'atia kwa siku mbili tatu ni kawaida, na maumivu hayo yanapaswa kupungua kila siku. Kama linaonekana refu kuliko mengine, rudi lisagwe kidogo juu; ni kazi ya dakika chache.

Ni dalili gani zisizongoja miadi ijayo?

Jicho la upande uliochomwa likishindwa kufumba au uso ukilegea upande huo mara baada ya sindano, huenda dawa imefika kwenye neva ya uso. Hutisha, lakini hupita ndani ya saa chache. Mwambie daktari kabla hujaondoka ili jicho likingwe. Ulimi au mdomo ukiwa bado na ganzi kesho yake, piga simu siku hiyo ili eneo lichorwe na kufuatiliwa. Mara nyingi hisia hurudi ndani ya wiki au miezi.

Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu, homa, au uvimbe mpya, rudi kliniki. Uvimbe ukishuka shingoni au chini ya ulimi, ukashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.